Mtangazaji jasiri wa michezo asilazimike kuishia ofisi ya habari ya klabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wasikilizaji wa vipindi vya michezo redioni tunalijua na tunalijadili vijiweni kila siku, lakini sijaona likiandikwa kwa kirefu. Jambo hilo ni safari ya kikazi ya mtangazaji wa michezo asiyeogopa kusema, na mahali ambapo safari hiyo imezoea kuishia. Katika nchi yetu, kijana anayejijengea jina kwa kuwabana viongozi wa soka kwa maswali, akasikilizwa kuanzia Kariakoo hadi Kakonko, mara nyingi hufikia siku akaaga studio na kwenda kukaa katika ofisi ya habari ya klabu ileile aliyokuwa akiihoji. Simlaumu anayekwenda, kwa kuwa kila mtu ana familia na kila kazi ina haki ya kulipwa. Ninachosema ni kwamba njia hiyo ikiachwa iwe ndiyo pekee yenye maslahi, tutabaki na redio zenye kelele nyingi na zisizo na mtu wa kumuuliza kiongozi swali la pili baada ya kulikwepa la kwanza.

Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na hapakuwa na televisheni. Taifa Stars ilipotoka sare na Zambia mjini Ndola mwaka 1979, kwa bao la Peter Tino, na kukata tiketi ya fainali za Afrika zilizofanyika Nigeria mwaka uliofuata, nchi iliipokea habari ile kwa masikio. Kizazi kizima kilijifunza mpira kwa sauti za watu kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, ambao walilazimika kumweleza msikilizaji mpira uko upande gani, unamilikiwa na nani, na hatari inatokea wapi, kwa maneno matupu. Watangazaji wale walikuwa waajiriwa wa serikali, na hakuna aliyewatarajia wakiseme chama cha soka hadharani kama wanavyofanya vijana wa leo. Walikuwa na mipaka yao. Hata hivyo walikuwa na jambo moja ambalo leo tunalihitaji sana, nalo ni kwamba mshahara wao haukutoka Msimbazi kwa Simba wala Jangwani kwa Yanga, na kila msikilizaji alilijua hilo.

Mtazame marehemu Charles Hilary, aliyefariki dunia Mei 2025. Alianzia Radio Tanzania, akaenda Radio One, akafanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle nchini Ujerumani, kisha BBC London, akarudi nyumbani na kujiunga na Azam Media, na mwisho akawa mkurugenzi wa mawasiliano Ikulu ya Zanzibar. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya kituo kile cha mwisho, lakini kabla ya hapo mtu huyu alipanda kwa miongo kadhaa ndani ya utangazaji wenyewe. Alikuwa na ngazi ya kupanda bila kuiacha kazi iliyomjengea jina. Ni wangapi miongoni mwa watangazaji wetu wa michezo wa leo wenye umri wa miaka thelathini wanaoiona ngazi ya namna hiyo mbele yao?

Mageuzi yalikuja na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, iliyofungua mlango kwa vituo binafsi. Radio One ikasikika mwaka uliofuata, vituo vya FM vikafuata kimoja baada ya kingine, na vipindi vya michezo vikageuka kuwa moyo wa ratiba. Leo Sports Extra ya Clouds FM na Sports Arena ya Wasafi FM ni majina ambayo hata asiyefuatilia mpira anayafahamu. Hapo ndipo alipozaliwa mchambuzi, mtu ambaye hakutangaza mechi tu bali alikuwa na msimamo na alitajwa kwa msimamo wake. Wapo waliomwona kama mtu wa kelele. Mimi naamini ameifanyia nchi hii kazi kubwa ambayo hajalipwa shukrani zake.

Chukua suala la mikataba ya wachezaji. Miaka ishirini iliyopita shabiki wa kawaida alijua kusajiliwa na kuachwa, basi. Mwaka 2020 ulipozuka mvutano wa Yanga na mchezaji wake Bernard Morrison, ambaye alikuwa ametimkia Simba, ni vipindi vya redio vilivyomfanya muuza mitumba na dereva wa daladala waanze kuzungumzia sahihi, kurasa za mkataba, kamati ya hadhi za wachezaji, hata Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Uswisi, ambako shauri lile lilifika na kumalizika kwa Morrison kushinda. Halafu Desemba 2022 likaja la kiungo Feisal Salum, Fei Toto, aliyerudisha kwa Yanga Sh112 milioni akiamini amejinunua na kuwa huru. Kwa miezi kadhaa nchi iligawanyika. Kamati ya shirikisho la soka nchini, TFF, ilisema bado ni mchezaji wa Yanga, mashabiki wengine walisema ananyanyaswa, na suala halikuisha mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba viongozi wa Yanga walimalize, ndipo Juni 2023 akauzwa Azam FC.

Katika suala lile nilimtambua mtangazaji wa kweli na nikamtambua anayejifanya. Wapo waliokaa na wanasheria studioni, wakaeleza kwamba kurejesha fedha za usajili hakuvunji mkataba kama mkataba wenyewe hautoi nafasi hiyo, na wakatukanwa na waliomwonea huruma kijana. Haohao wakauliza kwa nini mchezaji wa kiwango kile alikuwa akilipwa mshahara ule huku wageni waliomzidi mbali kwa malipo wakikaa benchi, wakatukanwa na upande wa pili. Mtu anayetukanwa na pande zote mbili ndani ya wiki moja, na keshoye akarudi kazini na nyaraka mkononi, huyo ndiye ninayemzungumzia katika barua hii. Ujasiri wake uko katika kuwaudhi hata wale wanaompenda, jambo ambalo msemaji wa klabu hawezi kulifanya kwa sababu halimo katika kazi aliyoajiriwa.

Sasa tazama ilivyokuwa katika mechi za watani wa jadi, Simba na Yanga, zilizoshindwa kuchezwa. Mei 8, 2021 muda wa mchezo ulisogezwa siku ileile kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga ikakataa kwa hoja kwamba kanuni inataka taarifa itolewe mapema, mchezo ukaahirishwa wakati watu wameshaingia uwanjani. Machi 8, 2025 ikawa zamu ya Simba, iliyotangaza haitacheza kwa hoja kwamba jioni ya kuamkia siku ya mchezo ilizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Bodi ya Ligi ikaahirisha, Yanga ikafika uwanjani, shauri likazunguka kwa miezi, na mchezo ukachezwa Juni 25 kwa Yanga kushinda 2-0 na kutwaa ubingwa.

Maswali ya siku ile ya Machi yalikuwa mepesi kuyataja, japo majibu yake hayakuwa mepesi kupatikana. Nani alikuwa na mamlaka juu ya geti la uwanja usiku ule? Kanuni inayompa timu mgeni haki ya kuufanyia mazoezi uwanja wa mchezo inamtaka amjulishe nani, na kwa muda gani? Bodi iliahirisha kwa kifungu kipi? Na shabiki aliyepanda basi kutoka Mbeya au Bukoba, akalala Dar es Salaam kwa gharama zake, fidia yake iko wapi? Nilisikiliza kituo kimoja hadi kingine siku zile, na masaa yalipita kanuni yenyewe haijasomwa hewani hata mara moja, huku tambo za nani kamwogopa nani zikijaza muda. Wachache walioisoma walisikika kama watu wapole mno kwa wakati ule, lakini wao ndio waliotuachia kitu cha kushika.

Kwa nini wale wenye tambo walikuwa wengi? Sitaki kumsingizia mtu, ila mazingira yanajieleza. Katika miaka kumi iliyopita ofisi ya msemaji wa klabu imepanda hadhi kuliko kazi yoyote ya habari za michezo nchini. Haji Manara aliifanya nafasi hiyo ndani ya Simba kuwa ya mtu maarufu kuliko wachezaji wengi, na alipohamia Yanga Agosti 2021 uhamisho wake ulizungumzwa kama usajili wa mshambuliaji. Jerry Muro alitoka kwenye televisheni akaenda kuisemea Yanga. Ahmed Ally alitoka Azam Media akaenda Simba, Ali Kamwe akatoka kwenye uchambuzi akaenda Yanga. Hata klabu isiyo na mashabiki wengi kama Ruvu Shooting ilijulikana nchi nzima kwa sababu ya ulimi wa msemaji wake, Masau Bwire. Wote hawa ni watu wenye vipaji, na kazi ya kuisemea klabu ni kazi halali inayojaza viwanja na kuuza jezi. Lakini ni kazi nyingine. Anayeifanya anatakiwa aseme kilicho chema kwa mwajiri wake, na akinyamaza penye ubaya hakuna wa kumlaumu.

Tena ni kazi isiyo na kinga. Muro alifungiwa mwaka mmoja na TFF mwaka 2016. Manara alifungiwa miaka miwili na kutozwa faini ya Sh20 milioni Julai 2022, baada ya mzozo wake na rais wa shirikisho katika fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha. Sizungumzii hapa kama adhabu zile zilikuwa za haki au la. Nataka kuonesha kwamba kijana aliyefundishwa na redio kusema bila woga, akihamishia ulimi ule klabuni, huwa peke yake siku mambo yanapomgeukia. Studioni kuna mhariri, kuna mwanasheria wa kituo, kuna utaratibu wa kuomba radhi na kumpa nafasi aliyetajwa ajibu. Klabuni kuna mashabiki tu, na mashabiki hushangilia mpaka siku ya hukumu.

Hata hivyo wanakwenda, na wataendelea kwenda, kwa sababu redio haiwalipi. Wengi hufanya kazi kwa mikataba mifupi, wengine bila mkataba wa maandishi, na kipato chao hutegemea matangazo wanayoyasoma wenyewe kipindini. Ukisikiliza kipindi cha michezo cha jioni utasikia sauti ileile inayochambua mechi ikikushawishi ubeti mechi hiyohiyo, na kampuni za ubashiri ndizo zilizolipa mabilioni kukaa kifuani mwa jezi za Simba na Yanga. Timu ikisafiri nje kwa mashindano ya Afrika, mwandishi husafiri kwa gharama za klabu na kulala hoteli iliyolipwa na klabu. Kisha kuna bahasha ya fedha anayopenyezewa mwandishi, ambayo kila mtu katika fani anaijua na hakuna anayeitaja hewani. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo kisha tukamtaka awe jasiri, tunamdai asichopewa nyenzo za kukitoa.

Naomba niseme wazi jambo ambalo naamini ndilo kiini cha tatizo. Anayehama hadharani, akavaa jezi na kupiga picha na viongozi, huyo ametutendea haki, kwa kuwa tangu siku hiyo tunajua anasema kwa niaba ya nani. Tatizo langu ni kwa anayebaki kwenye kipaza sauti huku akilipwa kimyakimya, anayemshambulia kocha kwa sababu kuna kiongozi anataka kocha yule aondoke, anayepandisha bei ya mchezaji dirisha la usajili linapokaribia, na anayekuwa mkali kwa klabu moja na mpole kwa nyingine mwaka mzima. Vijana wa mjini wana jina lao kwa watu hawa, wanawaita chawa. Kwa masikio ya msikilizaji chawa anasikika jasiri kuliko wote, kwa sababu hana sababu ya kusitasita wala kutafuta upande wa pili. Mtangazaji mwaminifu anayesema "hili bado tunalithibitisha" anaonekana mwoga mbele yake. Hapo ndipo soko linapomwadhibu anayefanya kazi vizuri.

Hasara nyingine huonekana kidogo zaidi. Kwa kuwa ajira zinazotamaniwa ziko katika klabu mbili, macho ya watangazaji nayo yako katika klabu hizohizo mbili. Simba Queens ilimaliza nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022, na sidhani kama mafanikio yale yalipata hata robo ya muda unaotumika kubishania penalti moja ya mechi ya Simba na Yanga. Klabu zetu kadhaa zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji na makocha wasiolipwa, na habari hizo hutajwa siku moja kisha zikapotea. Mchezaji wa timu ya mkoani anayedai mshahara wa miezi mingi angefaidika kuliko mtu yeyote na mtangazaji asiyeogopa kumpigia simu mwenyekiti wa klabu hewani, jioni baada ya jioni, mpaka apokee. Watangazaji wa namna hiyo wapo, hasa katika redio za mikoani, ambako mtu huyohuyo hutangaza, huhariri na kubeba kinasa sauti uwanjani, na naomba wakisoma hapa wajue kwamba wanasikilizwa.

Najua jibu la mameneja wa vituo. Watasema kwamba msikilizaji anataka tambo, na takwimu zao za wasikilizaji zinawaambia hivyo. Mimi ni msikilizaji. Tunacheka na tambo, ndiyo, lakini timu inapofungiwa, mchezo unapoahirishwa au mchezaji anapotoroka kambini, tunatafuta redio ya mtu tunayemwamini, na tunamjua kwa jina. Imani hiyo ni mali ya kituo, na kituo kinachomwachia mtu huyo aende klabuni kwa tofauti ya mshahara kinaipoteza pamoja naye.

Kinachotakiwa hakihitaji sheria mpya. Sipendi kabisa wazo la kuongeza adhabu za TFF au za serikali juu ya midomo ya watu wa habari, kwa kuwa adhabu zilizopo zinatosha kuwatia woga wasio na kosa. Jukumu ni la mwajiri. Mkataba wa mtangazaji wa michezo uwe wa maandishi na wa muda wa kutosha, na ndani yake aeleze kama ana malipo, nafasi au hisa katika klabu, wakala wa wachezaji au kampuni ya ubashiri. Akizungumzia jambo linalohusu maslahi hayo, amwambie msikilizaji kabla ya kuanza. Anayetoka katika ofisi ya klabu na kurudi kwenye uchambuzi akae angalau msimu mmoja bila kuichambua klabu aliyoisemea. Matangazo ya ubashiri yasomwe na mtu mwingine, asiwe yule anayetoa maoni juu ya mechi. Na klabu inapompiga marufuku mwandishi asiingie kwenye mikutano yake kwa sababu ya swali aliloliuliza, kituo chake kisimtume mwingine aliye mpole zaidi kukaa katika kiti kile. Hilo la mwisho halina gharama ya fedha hata kidogo, lakini ndilo ningependa kuliona likifanyika kabla ya mengine yote.

Mhariri, gazeti lako lina uwezo ambao msikilizaji mmoja hana. Nakuomba uwaulize wakurugenzi wa vituo vya redio vyenye vipindi vikubwa vya michezo maswali matatu: ni wangapi kati ya watangazaji wao wa michezo wana mikataba ya maandishi, nani hulipia safari zao wanapoongozana na timu nje ya nchi, na kituo kina utaratibu gani kwa mtangazaji anayepokea malipo kutoka klabu. Majibu yachapishwe kwa majina ya vituo kabla msimu ujao haujaanza, na asiyejibu naye atajwe kwamba hakujibu.

Wako,

Msikilizaji wa redio,
Morogoro